Binti yangu anamjibu muuza vinyago kwa Kitaliano, mimi ananijibu kwa Kiswahili

SWALI

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni Mtaliano, naishi Gede, si mbali na Watamu. Nimeolewa na Mgiriama na tuna watoto wawili, msichana wa miaka mitano na mvulana ambaye hajafikisha miwili. Kiswahili nimekipata sokoni na jikoni kwa mama mkwe, kwa hivyo usitarajie cha vitabuni.

Kazi yangu ni kutengeneza tambi mbichi na kuziuza kwa hoteli na nyumba za wageni. Mume wangu ana mashua, huwapeleka wageni kutazama matumbawe. Msimu ukichanganya, Desemba hadi Machi na tena Julai na Agosti, tunapishana mlangoni tu. Masika yakiingia hoteli hufungwa, na Wataliano wenzangu wenye watoto hupanda ndege. Mimi hubaki na matope, mbu na watoto wawili.

Tatizo langu ni huyu mkubwa. Tangu azaliwe namsemesha Kitaliano. Anaelewa kila kitu. Nikimtuma viatu ataleta viatu, nikimkanya atanuna papo hapo. Lakini jibu lake ni Kiswahili, na akikasirika sana ni Kigiriama, ili nisishike yote. Cha ajabu, tukipita ufukweni na yule kijana wa vinyago akamwita "ciao bella, come stai?", anamjibu bila kusita, na mikono inakwenda hewani kama ya shangazi zangu. Juzi nilimuuliza mbona kwangu hakisemi. Akanitazama kama niliyeuliza jambo la kipuuzi. "Hicho ni cha wageni. Wewe si mgeni." Sikujua nicheke au nilie.

Kila Jumapili tunampigia mama yangu simu ya video. Yuko peke yake kijijini kwetu, kwenye milima ya Abruzzo. Baba alifariki na kaka yangu anafanya kazi Ujerumani. Binti hukaa mbele ya simu kidogo, akatazama dari, halafu huyo, ametoka mbio. Mama huniambia, "Huyu hanijui." Kisha huuliza kama mdogo amevaa fulana ya ndani, maana upepo utampiga tumboni. Huku jua linakausha samaki! Mama mkwe naye, ukimtoa mtoto nje jioni bila kumfunika leso, atakusomea wewe na huo upepo wako. Wanawake hawa wawili walikaa pamoja wiki ya harusi yetu tu na hawana lugha moja, lakini wananigombeza kwa maneno yaleyale.

Sasa mama ametoa wazo. Binti atatimiza miaka sita Agosti ijayo, na kwetu mtoto wa umri huo huanza shule ya msingi Septemba. Shule ya kijiji ina watoto wachache kiasi kwamba wa madarasa tofauti hukaa chumba kimoja na mwalimu mmoja, na kila mwaka watu huogopa itafungwa. Mama ameshakwenda kuzungumza na mwalimu. Usajili ni Januari. Anataka niende na watoto wote nikakae mwaka mmoja. Kama siwezi kuacha kazi, basi nimpeleke msichana peke yake, yeye atamlea. Haoni ubaya wowote. Wazazi wake mwenyewe walipokwenda Ubelgiji, babu akiwa mchimba makaa ya mawe, yeye aliachwa kwa bibi yake na akamalizia hapo shule ya msingi.

Mume wangu aliposikia alisema, "Ukienda na wote wawili hutarudi." Tangu hapo hataki kulizungumza. Anamjua nahodha mwenzake ambaye mkewe Mtaliano alikwenda likizo na mtoto, na sasa mtoto huyo humwona kwenye simu. Mume wangu mwenyewe hajawahi kufika kwetu. Aliomba viza kabla hatujaoana, akanyimwa, na hajataka kujaribu tena. Kitaliano anakijua vizuri, ila nyumbani hakitoki kinywani mwake. Anasema hicho ni cha kazi, akivua shati la mashua amekivua nacho.

Mama mkwe hakusema neno. Alichofanya ni kumhamishia binti kitandani kwake. Binti ana jina lake, kama ilivyo desturi ya kwao, na jina la pili ni la mama yangu.

Nina hofu nyingine. Tulipokwenda Italia mara ya mwisho, mama mmoja dukani aliniuliza, kwa upole kabisa, mtoto huyu nilimchukua nchi gani. Alidhani ni wa kuasili. Huku nako watoto wa jirani wanamwita pointi faivu, yaani nusu-nusu.

Kuna wakati mmoja tu ninapomsikia. Mama alinipa chuma chake cha kuokea pizzelle, zile biskuti nyembamba za kwetu zenye michoro. Naziokea kwenye jiko la makaa. Wazee wetu hawakutumia saa. Upande mmoja walisali Salamu Maria, wakageuza, upande wa pili Baba Yetu. Binti husimama kando yangu akasali kwa Kitaliano pasipo kukosea, kisha hupiga kelele "Gira!", yaani geuza. Unga ukiisha, Kiswahili kinarudi. Lakini hiyo ni sala, si mazungumzo.

Nikibaki, naona nitakuwa mama asiyejulikana na mtoto wake. Nikienda, nitamvunja mume wangu na huyu mama aliyenipokea. Wenzangu wa msimu wanasema nimeshachelewa. Watoto wao wanasoma shule za kulipia na kila mwaka wanakwenda kwao. Nifanye nini?

Mama wa wawili, Gede


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Unaniuliza kama binti yako aanze shule Abruzzo. Nikiisoma barua naona mambo matatu yamebebeshwa shule hiyo moja: lugha ya mtoto, upweke wa mama yako, na swali la kama mume wako anaamini utarudi. Mwalimu wa kijijini, hata awe hodari vipi, anaweza kusaidia hilo la kwanza. Hayo mawili hayamhusu.

Nianze na mtoto, kwa sababu nadhani amekujibu ukweli mtupu na wewe umeumia. Kitaliano cha pwani yetu kina historia yake. Wataliano walipoleta kituo chao cha San Marco kule Ngomeni miaka ya 1960, na kurusha setilaiti kutoka baharini mwaka 1967, walifuatwa na wenzao wa hoteli, mikahawa na nyumba za likizo. Watu wa Malindi na Watamu wakajifunza lugha yao mchangani, kwa masikio. Ninao majirani wasiojua kusoma ambao ukiwakuta wanapatana bei kwa Kitaliano utadhani wamezaliwa Roma. Binti yako amekulia humo. Kwa jinsi anavyoona yeye, Kigiriama ni cha bibi, Kiswahili cha mchezo, Kiingereza cha mwalimu, na Kitaliano ni cha mtu mwenye kamera shingoni. Baba yake anamthibitishia hivyo kila jioni akivua shati. Halafu wewe unataka akuweke kwenye kundi hilo la wenye kamera, naye anakataa. Mimi ningelipokea neno lake kama heshima kwanza, kabla ya kulilia.

Unasema utakuwa mama asiyejulikana na mtoto wake. Sijui umelitoa wapi, maana barua yako haionyeshi hivyo. Mtoto anayenuna papo hapo akikanywa kwa Kitaliano anakujua vizuri sana. Watoto wa namna yake wako wengi katika nyumba za wahamiaji popote duniani: wanasikia lugha ya mama, wanaielewa, na wanajibu kwa lugha ya nje. Wanachokosa mara nyingi ni sababu ya kuisema. Wewe unaelewa Kiswahili, na yeye anajua kuwa unaelewa, basi ahangaike kwa nini? Wakikutana na mtu wanayemhitaji asiyejua lugha nyingine, hasa mtoto mwenzao, wengi huanza kusema, mwanzoni kwa makosa mengi. Siwezi kukuahidi kwamba wote. Ninachoweza kukuambia ni kuwa ukichoka ukaacha kumsemesha, hata kule kuelewa kutapungua, na huyu mdogo hatakipata kabisa.

Halafu kuna hizo pizzelle. Umezitaja mwishoni ukazifuta kwa sentensi moja. Mtoto anayesali amesimama karibu na makaa, akihesabu, akijua ni wakati gani biskuti itaungua, kisha akakuamrisha "Gira!" na wewe ukageuza, huyo amezungumza nawe. Amekutuma kwa Kitaliano na umetumika! Hapo lugha ilikuwa na kazi, na mgeni hakuwepo. Jumapili kwenye simu ni kinyume chake. Mtoto anakalishwa, anaambiwa amsalimie nonna, aseme amekula nini, na watu wazima wawili wanamtazama mdomo. Huo ni mtihani. Hata mimi ningetazama dari.

Jaribu kuihamishia simu hiyo jikoni. Iegemeze kwenye gunia la unga, mama yako naye awashe jiko lake kule mlimani, na binti awe ndiye anayewageuzia nyote wawili. Asiulizwe lolote. Mama yako ataona vigumu kunyamaza, hilo najua, bibi ni bibi. Lakini akifaulu huenda akapata mjukuu wa kufanya naye kazi kabla ya kupata wa kuzungumza naye.

Kwa mume wako, usimwagize aongee Kitaliano nyumbani. Mtu aliyeshinda baharini akiwachekea wageni kwa lugha hiyo ana haki ya kuivua. Ila nyinyi wawili mlichumbiana kwa lugha gani? Sidhani ilikuwa Kigiriama. Kama palikuwa na Kitaliano ambacho hakikuwa cha mashua, kinaweza kuwa bado kipo, na mtoto hajawahi kukisikia.

Sasa twende kwa mama yako. Umetaja Ubelgiji kama maelezo ya pembeni, na mimi nadhani uzito wa barua uko pale. Mwaka 1946 Italia na Ubelgiji zilikubaliana: wanaume waende migodini, na Italia iuziwe makaa ya mawe. Abruzzo ilitoa watu wengi. Mgodi wa Marcinelle ulipowaka tarehe 8 Agosti 1956, watu 262 walikufa, 136 kati yao Wataliano, na vijiji vya mkoa wenu vilizika wengi. Mama yako ni mtoto wa wakati huo. Kwake, kumwachia bibi mtoto ndivyo familia ilivyoweza kula. Ndiyo maana haoni ubaya.

Lakini je, umewahi kumuuliza ilikuwaje? Sizungumzii tarehe na anwani. Wazazi wake walipokuja likizo, yeye alijificha wapi? Alimwita nani mama? Nabahatisha tu, na unaweza kunirekebisha: hilo neno "huyu hanijui" huenda si mara ya kwanza kusemwa nyumbani kwenu. Huenda mama yake mwenyewe aliwahi kulisema, akimtazama yeye. Kama ni hivyo, mnapozungumzia binti yako mnazungumza pia na msichana mwingine aliyesubiri barua kutoka Ubelgiji, na mazungumzo hayo yanastahili Jumapili yake peke yake, bila watoto chumbani.

Kilifi yetu hii imejaa watoto waliolelewa na bibi huku mama yuko Mombasa au Ghuba, na wengi wamekuwa watu wazima wazuri. Sitaki kusema vibaya juu ya malezi hayo. Wazazi hao, hata hivyo, mara nyingi waliondoka kwa kukosa njia. Wewe unafikiria kumtenga mtoto wa miaka mitano na baba, mama, mdogo wake na kitanda cha bibi kwa siku moja, ili aongeze lugha, na baridi ya milimani inampokea. Ukiniuliza ni wazo lipi kati ya yote linanikosesha amani, ni hilo la kumpeleka peke yake. Anaweza kurudi na Kitaliano safi, akakitumia kukuuliza kwa nini ulimwacha.

Kwenda nyote watatu mwaka mzima ni jambo tofauti, lenye faida za kweli. Binti atapata watoto wenzake wasiojua neno la Kiswahili. Mama yako atapata nyumba yenye kelele. Wewe mwenyewe utapumzika kueleza kila kitu. Upande wa pili kuna wateja wako wa tambi, ambao msimu mmoja ukiwakosa watatafuta mwingine, na kuna mvulana ambaye mwaka huo ndio atakaoanza kusema vizuri, baba yake asiwepo kusikia. Pia kuna kurudi. Mtoto aliyezoea darasa la watoto wachache lenye mwalimu anayemjua mpaka bibi yake ataingia Gredi ya Kwanza au ya Pili ya huku, katika darasa lililofurika, kwa Kiingereza. Anaweza kuzoea, na anaweza kukuomba mrudi Abruzzo. Utamjibu nini? Jibu hilo ndilo mume wako analiogopa.

Yeye, mwanangu, nakuomba umsikilize kwa makini. Alichosema hakihusu uaminifu wako tu. Anamjua mtu aliyeachwa hivyo. Na nchi ambayo watoto wake wataingia kwa pasipoti, yeye ilimfungia mlango. Ungekuwa wewe ungelala? Sheria ya huku iko wazi: Katiba ya 2010 inampa mtoto haki ya kutunzwa na mama na baba kwa wajibu ulio sawa, na Sheria ya Watoto ya 2022 imelifafanua zaidi. Italia nayo kwa kawaida haimpi mtoto mdogo pasipoti bila ridhaa ya wazazi wote wawili. Nayataja haya ili uyajue, usije ukayatumia kumtishia au yeye kukutishia. Siku mtakayoanza kutajiana vifungu mezani, mtakuwa mmeshaondoka kwenye suala la shule.

Badala yake muulize afanyiwe nini ili alale. Huenda ni tikiti ya kurudi yenye tarehe. Huenda ni karatasi mliyoiandika pamoja, mbele ya wakili au hata mbele ya mama yake, inayosema mtoto atasoma wapi na hadi lini. Huenda ni kwenda naye. Kunyimwa viza akiwa mchumba si kama kuomba akiwa mume. Mke au mume wa raia wa Italia huomba kama mwanafamilia, na hatozwi ada ya viza. Lakini ndoa yenu iwe imesajiliwa kwenye manispaa ya kijijini kwenu, na vizazi vya watoto vivyo hivyo, mambo ambayo huanzia ubalozini Nairobi na hayataki haraka. Hukuniambia kama yamefanyika. Kama bado, anzeni nayo, mwende msiende. Uraia wa baba yao hautaguswa kwa hilo, kwani Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili tangu 2010.

Jambo lingine nimelisoma kwenye barua yako bila wewe kuliuliza. Unasema masika hoteli hufungwa. Mashua nazo, kusi ikikaza na bahari ikachafuka, hazina wageni wengi wa kubeba. Mei na Juni, basi, nyote wawili hamna kazi kubwa. Kule Italia shule ya msingi hufungwa mwanzoni mwa Juni, lakini ile ya wadogo, ya miaka mitatu hadi sita, huendelea hadi mwisho wa mwezi huo. Binti yako mwezi wa Mei bado ni wa shule ya wadogo. Mwalimu aliyezungumza na mama yako anaweza kuulizwa kama mtoto mgeni atapokelewa kwa majuma machache. Wanaweza kukubali, wanaweza kukataa. Hata wakikataa, kijijini kutakuwa na watoto wanaocheza jioni, na mwezi huo hautakuwa Agosti, ambapo nusu ya Italia iko baharini na nusu ya Watamu inadai tambi zako.

Siisemi kuwa ndiyo njia. Tikiti za watu wanne ni pesa nyingi kwa nyumba inayotegemea msimu, hata kama mdogo atakaa mapajani. Binti atakosa sehemu kubwa ya muhula wa pili wa PP2, darasa la mwisho kabla ya Gredi ya Kwanza. Kitaliano atakachokipata kinaweza kuwa kimefifia ifikapo Krismasi. Na mama yako anaweza kuihesabu safari hiyo kama arbuni ya ule mwaka mzima, halafu mkiondoka nyumba itakuwa kimya kuliko mlivyoikuta. Mkienda, mwambie mapema siku ya kuondoka ni ipi, na aisikie kwako, si kwa mtoto uwanja wa ndege.

Kuhusu rangi, nashukuru umeandika. Mama wa dukani hakuwa na ubaya, na mtoto alisikia vilevile. Kwenye shule yenye watoto wachache huenda akawa peke yake wa rangi yake, na hapo kila kitu kitategemea mwalimu. Muulize waziwazi atafanya nini mtoto akiulizwa alitoka wapi. Ukisikia anajikanyaga, utakuwa umejua jambo. Hapa naye anaitwa pointi faivu, lakini akigeuka Malindi au Watamu anaona watoto wengine wanaofanana naye, na hilo si dogo. Popote mtakapokuwa atahitaji majibu kutoka kwako na kwa baba yake, yaliyosemwa nyumbani kabla hayajatafutwa barabarani. Baba yake anaweza kuwa na mengi ya kumwambia kuhusu kuitwa majina na watu waliokuja kuogelea.

Hao wenzako wa msimu waache na ratiba zao. Wanaishi Kenya ya Desemba, wewe unaishi ya mwaka mzima, na ushauri wao umekatwa kwa kipimo chao.

Mama mkwe, naye, hajaambiwa lolote, si ndiyo? Amesikia kupitia ukuta. Mtoto mwenye jina lake anatajwa kwenye simu kwa lugha asiyoijua, na kila mtu akimwona ananyamaza. Amefanya alichoweza, amemlaza karibu. Ningekuwa wewe ningeingia jikoni kwake, nikakaa kwenye kibao, nikamwambia mama yangu ni mpweke na ananiomba mjukuu. Huo upweke sidhani atahitaji kutafsiriwa. Anaweza kukasirika. Anaweza pia kuwa mtu wa kwanza kumwambia mwanawe atafute pasipoti yake. Huyu ndiye aliyekuona masika zote hizo, wenzako wakiwa wamepanda ndege.

Kuna mtu mmoja sikumsikia kwenye barua. Najua mama yako anataka nini, mume wako anaogopa nini, bibi amefanya nini, hata binti amesema lake. Wewe je, ungependa kurudi? Kama pasingekuwa na shule wala lugha ya kuokoa, bado ungetamani mwaka mmoja mlimani, ukisikia lugha yako dukani bila mtu kutaka kukuuzia kitu? Ikiwa ndiyo, liseme kama haja yako, usimbebeshe mtoto. Mume wako anaweza kulikubali kwa urahisi zaidi kuliko suala la shule, au anaweza kuumia zaidi. Sijui, wewe ndiye unayemjua. Na kama si ndiyo, utajua kuwa unapanga safari ya kumfuta mama yako machozi, nayo inaweza kupangwa kwa namna nyingine, pamoja na kumleta yeye huku, akae zaidi ya wiki ya harusi, agombane na mama mkwe wako juu ya upepo ana kwa ana.

Usajili wa Januari usikukimbize. Italia ni lazima mtoto asome kuanzia miaka sita, kwa hiyo mtoto anayehamia katikati ya mwaka hutafutiwa shule. Nafasi yake kwenye shule inayolilia watoto haitapotea kwa kuchelewa miezi michache. Mama yako akikuuliza Jumapili hii mmeamua nini, mwambie bado mnazungumza, kisha uhakikishe kabla ya Jumapili hiyo mmezungumza kweli, wewe na mume wako, saa ambayo mashua imefungwa na watoto wamelala.